Mafuta yamekuja na meli, kazi ya baba mdogo imeondoka

Wadau, leo naongelea kitu ambacho huku kwetu hakina hata dirisha la kukipeleka. Mtu anapoteza kazi kiwandani, hajaiba, hajachelewa, bosi wake siyo kwamba hajui biashara, ila bidhaa ileile inatengenezwa nje ya nchi na inafika hapa kwa bei ambayo kiwanda chake hakiiwezi hata wakeshe. Wamarekani walikuwa na sheria nzima kwa ajili ya watu wa namna hii na nimeisoma kwa sababu moja tu, baba mdogo wangu kapunguzwa kwenye kiwanda cha kukamua alizeti kule Singida (kiwanda sikitaji) na mimi nilitaka kujua serikali za wenzetu zinamfanyaje mtu kama yeye.

Nianze na wao maana ndio wana historia ndefu.

Mwaka 1962 Rais Kennedy alikuwa anataka ruhusa ya Bunge lao ashushe ushuru wa forodha na kufungua biashara na nchi nyingine. Vyama vya wafanyakazi vikawa na wasiwasi, na haki yao, kwa sababu ushuru ukishuka kuna kiwanda mahali fulani kitafungwa. Ndipo likaja wazo ambalo mimi naliona la kiungwana sana, kwamba nchi nzima inanufaika na bidhaa za bei rahisi, basi wale wachache wanaoumizwa na huo uamuzi serikali iwabebe. Mpango ukaitwa Trade Adjustment Assistance, wenyewe wanaufupisha TAA. Kwenye karatasi safi kabisa! Kwenye maisha, mpaka mwaka 1969 hakuna hata kundi moja la wafanyakazi lililokubaliwa, miaka saba yote hiyo, maana ilibidi uthibitishe kwamba ushuru ulioshushwa ndio ulioleta bidhaa na hizo bidhaa ndizo zilizokufukuzisha kazi kuliko sababu nyingine yoyote. Nani angeweza. Sheria mpya ya biashara ya 1974, aliyoisaini Rais Ford Januari 1975, ndiyo iliyolegeza, ikatosha kuonyesha kwamba bidhaa za nje zimechangia kwa kiasi kikubwa.

Sasa utaratibu wake ulivyokuwa, hapa ndipo mimi nilipenda. Ombi halipelekwi na waziri wala halisubiri mwekezaji ajisikie huruma, wafanyakazi watatu tu wa kiwanda kimoja wanaweza kujaza fomu wakaipeleka Wizara ya Kazi yao Washington. Watatu! Chama cha wafanyakazi nacho kinaweza, na mwajiri mwenyewe anaweza. Wizara inapewa siku 40 kuchunguza, inamfuata mwajiri inamuuliza mauzo yalikuwaje, inawauliza mpaka wateja wake je mmeacha kununua kwake mkahamia bidhaa za nje, na inaangalia kama kampuni imehamishia mashine Mexico au China. Wakiona ni kweli wanatoa cheti, na cheti kinawafunika wafanyakazi wote wa eneo lile waliopoteza kazi, siyo wale watatu peke yao. Miaka ya baadaye wakaongeza hata viwanda vilivyokuwa vinauza vipuri au malighafi kwa kile kilichofungwa, kwa maana kwamba kikubwa kikifa vidogo vinafuata.

Ukishapata cheti ulikuwa unapata nini? Mafunzo ya kazi nyingine yanalipiwa, chuo au ufundi. Ukiwa masomoni unalipwa posho ya kila wiki, na ukijumlisha na ile posho yao ya kawaida ya kukosa ajira inaweza kufika wiki 130. Ukienda kutafuta kazi mji mwingine wanakurudishia asilimia 90 ya gharama mpaka dola 1,250, ukihama na familia kuna hela ya kuhamia.

Na kuna kipengele kimoja ambacho nilikisoma mara mbili. Mfanyakazi wa miaka 50 na kuendelea, ambaye kumwambia arudi darasani akajifunze kompyuta ni kumchosha tu, akipata kazi nyingine ya mshahara mdogo serikali inamuongezea nusu ya tofauti. Kwa sheria yao ya 2015 ilikuwa mpaka dola 10,000 ndani ya miaka miwili, ilimradi hiyo kazi mpya haimlipi zaidi ya dola 50,000 kwa mwaka. Yaani ulikuwa unalipwa dola 40 kwa saa umepata ya 20, unajaziwa 10. Haulipwi kwa kukaa, unalipwa kwa kukubali kushuka. Mtu aliyebuni hicho kipengele alikuwa anamjua mzee wa kiwandani, anajua kinachomuuma siyo njaa peke yake ni kuanza upya chini ya kijana ambaye yeye mzee mwenyewe ndiye aliyemfundisha kazi.

Haya turudi Singida.

Baba mdogo alikuwa fundi mitambo, ameajiriwa kabisa, ana mkataba na alikuwa anakatwa michango ya NSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii. Miaka 14 pale. Umri wake ni 51. Mshahara wa msingi tuseme 260,000, siyo kamili lakini imekaa hapo hapo na inanirahisishia hesabu. Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema mwajiri akitaka kupunguza watu lazima atoe taarifa, aeleze sababu, akae na wafanyakazi au chama chao wajadiliane nani anaondoka na kwa vigezo gani. Ni sheria nzuri, mimi siidharau, kuna nchi hawana. Halafu inakuja malipo. Kiinua mgongo ni mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliofanya kazi, lakini mwisho miaka 10. Kwa hiyo ile miaka minne ya juu ya baba mdogo imeenda na upepo. 260,000 gawanya kwa siku 26 ni elfu 10 kwa siku, mara 7, mara 10, inakuja laki 7. Ndio hiyo. Na notisi ya siku 28, na likizo kama kuna ambayo hujachukua.

Halafu NSSF. Baada ya zile kelele za fao la kujitoa, yaani mtu kuchukua michango yake akiacha kazi, ambazo wengi mnazikumbuka maana zilikuwa kubwa, sheria ya 2018 ilileta fao la kukosa ajira: kama umechangia angalau miezi 18 na hujaacha kazi mwenyewe, unalipwa asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi sita. Kwa baba mdogo ni kama elfu 86 na mia tano na kitu kwa mwezi, miezi sita inakaribia laki 5 na 20. Jumlisha na kiinua mgongo, unapata milioni moja na laki mbili na ushee. Ada za watoto wawili sekondari ya bweni, mahindi, na bati la jikoni ambalo lilikuwa linavuja. Kwisha.

Mimi sisemi serikali yetu haina hela au roho mbaya, tatizo langu liko kwingine kabisa. Kwenye mlolongo wote huo, kuanzia kikao cha kupunguzwa mpaka dirisha la NSSF, hakuna mtu hata mmoja aliyemuuliza baba mdogo kiwanda kimepunguza watu KWA NINI. Fomu haina hiyo sehemu. Mfanyakazi aliyepunguzwa kwa sababu tajiri kafilisika kwa starehe zake na mfanyakazi aliyepunguzwa kwa sababu mafuta ya mawese yamejaa sokoni, wote ni "kakosa ajira". Mwajiri anaandika "sababu za kiuendeshaji" maisha yanaendelea.

Na kwa alizeti sababu inajulikana, hata mama muuza chipsi pale Majengo atakwambia. Mafuta ya mawese yanatoka Malaysia na Indonesia, yanakamuliwa kwenye mashamba makubwa ambayo mchikichi wake unatoa mafuta kwa hekta moja mara nyingi kuliko alizeti, yanafika bandarini kwa meli, na kama ushuru uko chini yanashinda yetu bei hata baada ya kusafirishwa nusu ya dunia. Sisi mikoa ya Dodoma, Singida na Simiyu ndio tuliambiwa ni mikoa ya kimkakati ya alizeti, mbegu za ruzuku zikaja, Waziri Mkuu akazunguka kuhamasisha. Mwaka 2022 mafuta yalipaa kila mahali, vita ya Ukraine ilizuia alizeti ya kule, Indonesia nayo ikafunga mauzo ya mawese nje kwa wiki kadhaa kuanzia mwisho wa Aprili, si mnakumbuka lita ilivyokuwa inauzwa kama dawa. Watu wakalima kwa nguvu zote. Halafu msimu uliofuata bei ya alizeti ikaporomoka, wakulima wakakaa na magunia, wabunge wa kanda hii wakapiga kelele bungeni humu mjini Dodoma mpaka sauti zikakauka.

Ushuru wa mafuta ya kula siyo mvua, siyo kitu kinachodondoka tu kutoka mbinguni. Kila Juni unasomwa kwenye bajeti ndani ya jengo ambalo mimi nikipanda daladala nalifikia, na kilomita kama 240 kutoka hapo kuna mtu anasimamisha mashine kwa sababu ya mstari mmoja wa ile hotuba. Na siwalaumu waliouandika! Mimi mwenyewe nanunua mafuta, nikisikia yameshuka nafurahi, mke wangu anafurahi zaidi. Ushuru ukipandishwa sana mwananchi wa kawaida anaumia, ukishushwa mkamuaji anaumia, hakuna namna ya kuwaridhisha wote. Ila wale Wamarekani wa 1962 angalau walikubali kusema kwa mdomo wao kwamba tumeamua jambo litakaloumiza wachache, hao wachache ni hawa hapa, na gharama yao ni yetu. Sisi tunaamua halafu tunawaita wale wachache "wajasiriamali watarajiwa".

Na hapo nimeongelea mwenye mkataba. Kiwanda cha alizeti watu wake wengi ni deiwaka. Wababa wanaoshusha magunia, wamama wanaopepeta na kufagia mashudu, vijana wa kufunga madumu. Wanakuja msimu ukianza kama Mei hivi, wanalipwa kwa siku au kwa gunia, msimu ukiisha wanarudi shambani. Hao hawana kikao cha kupunguzwa, hawana kiinua mgongo, NSSF kwao ni bango la barabarani. Msimu ambao kiwanda kimekamua wiki chache kikafunga, wao hawakufukuzwa, waliambiwa tu "msije kesho". Ukiniuliza idadi yao siwezi kukupa na nina mashaka kama kuna ofisi inaweza, kwa sababu hawakuandikwa walipoingia. Hata ukichukua ile TAA ukaihamishia hapa ilivyo, wale watatu wa kujaza fomu wangetoka wapi wakati kwenye kumbukumbu za kiwanda kuna watu kumi na mbili tu, na deiwaka hawamo.

Kingine msidhani ile ya Marekani ilikuwa pepo. Viongozi wa vyama vya wafanyakazi kule walikuwa wanaiita bima ya mazishi, kwamba wewe unazuia mtu asife au unamchangia sanda? Mwaka 1980 wafanyakazi wa viwanda vya magari walifurika kwenye mpango kwa sababu magari ya Japani yalikuwa yamewakalia, gharama ikapaa, na Reagan alipoingia 1981 akaikata kwelikweli. Kwa miaka mingi ilikuwa ya wenye viwanda tu, waliokuwa wanapokea simu za wateja na kazi yao ikapelekwa India hawakuhesabika mpaka sheria ya 2009 ilipowaingiza. Na kulikuwa na masharti ya tarehe, ukichelewa kujiandikisha mafunzo posho inakupita, mtu ndio kwanza ana msongo wa mawazo anatakiwa asome kalenda kama mwanasheria. Wachumi waliochunguza jinsi bidhaa za China zilivyopiga miji ya viwanda kule, David Autor na wenzake, waliona hela iliyoingia kwenye hiyo miji kupitia TAA ilikuwa ndogo mno ukilinganisha na ile iliyoingia kupitia malipo ya ulemavu, yaani watu waliokosa kazi waliishia kwenda kwa daktari.

Na mwisho wake ni kwamba Bunge lao liliacha muda wa sheria uishe. Tangu tarehe 1 Julai 2022 wizara haitoi vyeti vipya, waliokuwa wamekubaliwa kabla waliendelea kuhudumiwa ila wapya hapana. Mpango uliodumu kwa namna moja au nyingine tangu Kennedy umezimwa bila hata kelele kubwa, wakati wanasiasa haohao kila siku wako kwenye televisheni wanalilia viwanda vyao vilivyoondoka. Inanichekesha, kicheko kibaya.

Kwa hiyo sisemi tuige. Nchi ambayo waajiriwa rasmi ni kidogo hivi haiwezi kubeba wiki 130 za posho, tusidanganyane. Lakini kuna vitu vidogo.

Cha kwanza ni lile swali. Kiwanda kikipeleka taarifa ya kupunguza watu, ofisi ya kazi ya mkoa iwe na wajibu wa kuandika sababu, na kama ni ushindani wa bidhaa za nje iandikwe hivyo, na orodha ya mwaka mzima ipelekwe mezani kabla ya ile hotuba ya Juni. Hii haina gharama, ni karatasi. Waziri anapoamua kushusha ushuru awe anajua mwaka jana uamuzi kama huo uligharimu ajira ngapi Singida na ngapi Kibaigwa.

Cha pili ni VETA, vile vyuo vya ufundi vya serikali. Waajiri wenye wafanyakazi 10 na zaidi wanalipa ile tozo ya kuendeleza ujuzi, ilishushwa 2023 ikawa asilimia 3.5 ya mishahara, na sehemu yake inakwenda VETA. Kiwanda kimechangia miaka yote 14 ya baba mdogo. Sasa kwa nini siku anayopunguzwa asipewe kiti pale bure, au angalau ule utaratibu wa kurasimisha ujuzi ambapo fundi aliyejifunzia kazini anapimwa na kupewa cheti? Yule mzee anafungua mashine ya kukamua akiwa amefumba macho. Huku Dodoma, Kizota na Nala, viwanda vinajengwa, vinatafuta mafundi, wanauliza cheti kwanza. Ujuzi anao, karatasi hana, na kijana mwenye karatasi anakuja kumuuliza yeye hii beringi inatokaje.

Cha tatu ni umri. Mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri ni ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Safi. Mwanaume wa miaka 51, mzima wa viungo, aliyepoteza kazi kwa sababu ya meli, yuko kundi gani? Hayupo. Kijana anahesabika, mstaafu anahesabika, huyu wa katikati mwenye watoto sekondari na hajafika umri wa pensheni ameachwa uwanjani. Ile nyongeza ya wenye miaka 50 ya Wamarekani ndiyo ningeiiba kwanza kabla ya vyote, hata kwa mwaka mmoja, hata robo ya tofauti, kwa hela itakayotoka kwenye ushuru wa hayohayo mafuta yanayoingia.

Nilimwelezea baba mdogo haya yote kwenye simu. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema "Mwanangu, hao Wamarekani wanawauliza watu sababu?" Nikamwambia walikuwa wanauliza baba, siku hizi wameacha. Akaguna, akaniuliza bei ya mafuta Dodoma ikoje, nikamtajia, akasema "Ehe, unaona."

Kwa sasa anatengeneza mashine za kusaga za watu vijijini, analipwa wakiwa na hela. Fao lake la NSSF limetoka, lakini kidogo likwame, na hili nawaambia wale mlioko viwandani mnaosikia fununu za kupunguzwa. Kuna waajiri wanaowaambia watu waandike barua ya kuacha kazi wenyewe "ili mambo yaende haraka". Usiandike. Ukiacha mwenyewe unajifungia fao la kukosa ajira na kiinua mgongo kinaweza kukupita. Dai barua ya kupunguzwa yenye sababu, na kabla hata ya hapo nenda NSSF ukaangalie michango yako kama imefika yote, kwa sababu makato kwenye hati ya mshahara siyo lazima yawe yamefika kule. Ukiona umeonewa, kupeleka shauri CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ni ndani ya siku 30 tangu uachishwe, ukijaza ile fomu namba moja. Zikipita itabidi uombe kwanza kusamehewa kuchelewa, na utaulizwa kwa nini ulichelewa.